Siku Kondoo Wangu Alipowajibu Wakwe

Mpaka leo nikifumba macho nausikia ule mbweu. Ulianza chini kabisa, kama mtu anaburuta kabati la zamani kwenye sakafu ya saruji, ukapanda, ukakatika kidogo (nikadhani umeisha), halafu ukaendelea, mrefu, mzito, wenye maji ndani yake, mpaka wazee waliovaa kanzu zilizopigwa pasi wakashusha vikombe vya kahawa. Haukutoka kwa mtu. Ulitoka kwa kondoo wangu, Tabasamu, mbele ya turubai la posa ya dada yangu Salma, palepale mshenga alipotuuliza kama tumekubali au hatujakubali, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyefungua mdomo, ukawa ndio jibu letu.

Nimeamua kusimulia mwenyewe, kwa sababu huku Chanika habari imeshazunguka na kila anayeipokea anaiongezea kitu. Juzi tu nimeambiwa na mama muuza maandazi kwamba kondoo alimtapikia bwana harusi. Hakumtapikia. Bwana harusi hata hakuwepo. Aibu yangu inatosha ilivyo, haihitaji chumvi ya mtu.

Mie naitwa Zuhura, nyumbani wananiita Zuu. Nakaa kwa Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, pamoja na Mama Mkubwa na binti yao Salma, ambaye nimelala naye kitanda kimoja tangu tukiwa tunaanikiwa godoro kila asubuhi. Bibi alipofariki aliniachia kondoo wawili majike. Mmoja Kidoti, mzee, meno yameshaanza kumtoka. Mwingine Tabasamu, ambaye mdomo wake umekaa kama anacheka hata akiwa amenuna. Wenzangu walirithi khanga na masufuria, mie nikarithi mradi. Maana kichwani mwangu wale hawakuwahi kuwa kondoo wawili, walikuwa zizi zima, wanateremka kilima kule Madale asubuhi na umande kwenye sufu zao, na mie nimesimama getini na buti za mvua (Madale nimefika mara moja tu, kwenye shughuli ya watu, nikaviona vile vilima nikajigawia kimoja bila kumuuliza mtu).

Ishu ilikuwa moja. Tabasamu hakuwa anazaa. Dume la Mzee Nassor, yule mwenye duka la jumla pale kituoni, lilishaletwa kwetu, likamnusa, likamzunguka, likaenda zake kula majani. Likaletwa tena, ikawa vilevile. Baba Mkubwa si mtu mbaya, ila hapendi kitu kukaa bure, na habari za posa ya Salma zilipoanza kunukia akachana kipande cha shuka la kijani, akamfunga Tabasamu shingoni. Nyumbani kwetu mnyama akishafungwa kitambaa huwa ameshatengwa, ni wa shughuli, hata watoto hawamchezei tena.

"Huyu ndiye pilau ya Salma," akasema. "Tasa hafugwi mpaka aote mvi."

"Si tasa, Baba Mkubwa. Bado tu."

"Bado tu ndiye tasa mwenye adabu," akanijibu, akaingia ndani kuswali.

Nilimwangalia Tabasamu na kile kitambaa, naye ananichekea kama kawaida yake, anadhani amevalishwa. Nikajiapia pale pale kwamba kile kitambaa kitatoka na kichwa kitabaki.

Nikamfuata Dada Neema, afisa mifugo wa kata, mtu wa Singida, anakuja na pikipiki na buti zake zimejaa tope la kila mtaa. Akamshika Tabasamu mgongoni, akapitisha vidole kwenye mbavu, akatikisa kichwa.

"Zuu, huyu mnyama ana njaa ya muda mrefu. Hana ugonjwa. Mwili wake umekataa kupanda mbegu kwenye ukame."

Nikamwambia anifundishe polepole maana mie bailojia nilipata herufi ambayo Mama Mkubwa hakuwahi kuisema kwa sauti. Akacheka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia kichwani mwa kondoo, chini ya ubongo, kuna kitezi kinachotoa homoni ya ukuaji. Ile homoni inasafiri kwenye damu mpaka kwenye ini, na ini nalo, likiwa limeshiba, linatoa mjumbe wake, homoni nyingine, anakwenda mpaka kwenye ovari, pale mayai yanapokaa. Insulini inayopanda mnyama akila vizuri inaongozana naye. Wakifika wote wawili, vijiyai vinaamka, vinakua, vinasikia na zile homoni nyingine za uzazi. Mnyama akikonda, kile kitezi kinatoa homoni ya ukuaji kwa wingi, kelele tupu, lakini ini halisikilizi, mjumbe hatoki, na ovari inalala.

"Kumbe ni kama posa," nikasema. "Kichwa ndio kina mwana wa kiume, ini ndiye mshenga, na ovari ni nyumbani kwa binti. Mshenga akiwa na njaa hatoki kwake."

"Hapo umeshika. Sasa mlishe mshenga."

Akaendelea kueleza, na hapa ndipo nilipoanza kupotea, kwa sababu yeye alikuwa anasema kidogo kidogo, anasema majani ya kutosha kwanza, anasema pumba kwa mkono na sio kwa ndoo, anasema wiki chache kabla ya dume, na mie mwili ulikuwa pale ila akili ilishafika Madale, inafungua geti. Niliyobaki nayo yalikuwa maneno mawili tu. Homoni. Ukuaji.

Sasa jamani, kwetu huku ukisema homoni za ukuaji, nani asiyejua zinakokaa? Ziko kwenye kuku wa nyama. Kila mtu anasema. Kwenye msiba wanasema, saluni wanasema, Mama Mkubwa mwenyewe hali paja la broila bila kusema haya mahomoni yatatuua, na analimaliza. Na jirani yetu Mwaju ana banda la hao kuku, vifaranga leo kama pamba, kesho kutwa wana mapaja. Nikaona Mungu ameniwekea dawa uani kwa jirani, na mie nahangaika na pumba.

"Mwaju, nisaidie kisado cha chakula cha kuku."

"Umeanza kufuga?"

"Najaribu kitu."

"Jaribu, ila usije ukasema mie ndiye nimekuroga," akasema, akanijazia.

Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, wa kisado. Jioni ya kwanza nikampa Tabasamu kidogo kwenye beseni, akanusa (kina harufu ya dagaa na mahindi), akaonja, akapiga mpaka chini akalamba beseni. Kidoti nilimpa pia, akanusa, akanitazama usoni, akageuka akanipa mgongo. Nikamwita mshamba. Jioni ya pili, ambayo ilikuwa mkesha wa wageni wa posa kuja kuchukua jibu, nikajisemea leo mshenga ale ashibe mara moja, nikamwaga kisado chote kilichobaki.

Asubuhi nikamkuta amejaa. Amejaa hasa. Ule upande wa kushoto umepanda juu mpaka umepita mgongo, ukipiga kidole unalia kama ngoma. Angekuwepo mtu mwenye akili timamu angeogopa. Mie nilipiga magoti kwenye samadi nikamshukuru Mungu. Kondoo niliyemjua mbavu zake zote kwa majina leo ana tumbo, tena kwa siku mbili, nikasema homoni hizi si mchezo. Nilitaka kumwambia Baba Mkubwa hapohapo ila nyumba ilikuwa imeshachafuka, Mama Mkubwa anapiga kelele na vitumbua, Salma kafungiwa chumbani amevaa gauni jipya la rangi ya maji ya bahari (siku ile binti haonekani na upande wa mwanamume mpaka jibu litoke), na mie nikapewa kazi ya kupitisha kahawa kwa wageni. Tabasamu nikamfunga kwenye mti wa mfenesi, pembeni ya turubai, ili nimwone vizuri. Nilikuwa namtazama kila nikipita, kama mtu aliyenunua kitu kizuri.

Wageni wakaja baada ya adhuhuri. Wazee kwenye mikeka, akina mama wakapitishwa ndani nyuma ya pazia. Mshenga wao, ole wangu, alikuwa Mzee Nassor huyohuyo mwenye duka na mwenye dume. Akasafisha koo.

"Bismillahi. Sie mara ya kwanza tulileta neno, leo tumefuata jibu lake."

Baba Mkubwa akanyoosha mgongo. Anapendaga sana kungojwa. "Jibu lipo," akasema. "Ila kabla sijalitoa, isije ikaonekana natoa binti kwa njaa. Shughuli yetu tutaiweza. Mnyama wa pilau yule pale, mwenye kitambaa cha kijani. Tazameni alivyojaa."

Vichwa vyote vikageuka. Nami nipo katikati ya mkeka, sinia la vikombe mkononi, nikaona wazee wote wale wanamtazama Tabasamu kwa macho ya pilau.

"Hachinjwi," nikasema.

"Zuhura," Baba Mkubwa akasema polepole, ile ya onyo.

"Shikamooni wazee, mnisamehe. Hachinjwi kwa sababu ana mimba. Tumbo hilo si mnaliona."

Mtoto wa kike, hajaolewa, kasimama mbele ya wakwe watarajiwa wa dada yake, anatangaza mimba. Nyuma ya pazia nilisikia mtu anavuta pumzi kwa meno. Mzee Nassor akaweka kikombe chini taratibu.

"Mimba ya nani?"

"Yake."

"Nauliza dume, binti yangu. Maana wangu mguu unamsumbua, tangu mwezi uliopita hata mlango wa banda haufikii. Na hapa mtaani mwenye dume la kondoo ni mie peke yangu. Sasa nataka kujua, nisije nikawa nimeibiwa kazi."

Wallahi nawaambia, mpaka dakika ile sikuwa nimemfikiria dume. Hata kidogo. Nilimlisha mshenga, nikamwamsha binti, nikaona tumbo, nikasherehekea, na katika shughuli yote ile bwana harusi nilikuwa nimemsahau. Nilihisi masikio yanawaka moto. 

"Ni homoni," nikasema, kwa sauti ya chini.

Mzee mmoja mwishoni mwa mkeka akamwinamia mwenzake. "Anasema nani?"

"Homoni."

"Wa mtaa gani huyo?"

Watu wakaanza kutafuna vicheko vyao. Baba Mkubwa hakucheka, alikuwa ananitazama kama ananipima nitatosha kwenye gunia gani. Na hapo, kabla hajasema neno, Tabasamu akatoa mlio wa mtu anayebeba mzigo mzito, miguu ya nyuma ikajikunja, akaanguka ubavu. Ulimi nje. Povu.

Vicheko vikakatika. Baba Mkubwa akasimama, akakunja mikono ya kanzu. "Lete kisu, haraka, asije akafa kibudu."

Hili lazima niliseme vizuri, sitaki mumwone katili. Mnyama akifa mwenyewe bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi, anafukiwa, na mtu mzima yeyote akiona mnyama anakata roho hukimbilia kisu. Alikuwa anafanya alivyofundishwa. Kisu chenyewe kilikuwa karibu, kimetoka kukatia machungwa. Wazee wawili wakamshika Tabasamu, wakamgeuza kichwa kuelekea kibla, kitambaa cha kijani kikasogezwa juu ili koo lionekane.

Sijui nilivyofika. Sinia nililiona baadaye liko kwenye maua. Nilijikuta nimemlalia shingoni.

"Nipe simu moja, Baba Mkubwa. Moja tu."

"Zuhura, toka. Unaniaibisha mbele ya watu."

"Nimeshakuaibisha, imeshaisha hiyo. Nipe simu moja halafu nitatoka mwenyewe."

Akatazama wageni, akatazama kisu. "Moja. Akigeuza macho namsomea bismillahi, namchinja."

Nikampigia Dada Neema. Sasa simu yangu sehemu ya sikioni ni mbovu tangu ilipoanguka kwenye ndoo, inasikika kwa spika kubwa tu, kwa hiyo mazungumzo yale hayakuwa yangu na Neema, yalikuwa ya mtaa mzima.

"Dada, Tabasamu ameanguka, tumbo limejaa, anatoa povu."

"Limejaa upande gani?"

"Kushoto."

"Kushoto ni tumbo la majani, amejaa gesi. Umempa nini?"

Nikatazama nyuso. Zote zinangoja.

"Nakuuliza umempa nini, Zuu, usinikalie kimya, anakufa."

"Chakula cha kuku wa nyama."

"Kiasi gani?"

"Kisado."

"Kwa nini umpe kondoo chakula cha kuku?"

"Ili apate homoni za ukuaji ziamshe ovari," nikasema, na Mungu anisamehe, nililisema lile neno la mwisho wazi kabisa, mbele ya wazee wale, mmoja wao imamu mstaafu.

 Nilisikia pikipiki ya Neema inazimwa. "Sawa," akasema, na sauti yake haikuwa na dharau. "Msimamishe, miguu ya mbele iwe juu kuliko ya nyuma. Tafuta kijiti, mpitishe mdomoni kama lijamu, atafune. Mpe mafuta ya kula, kiasi cha kikombe cha chai, polepole pembeni ya mdomo asipaliwe. Halafu msugue ubavu wa kushoto bila kuacha. Nakuja, ila niko mbali."

Nikasema mafuta. Nikasema tena. Hakuna aliyesogea, wanaume hawajui mafuta yanakokaa na wanawake wako nyuma ya pazia. Ndipo pazia likafunguka, na aliyetoka hakuwa Mama Mkubwa. Alikuwa Salma. Na gauni lake lile, hina mbichi bado mikononi, uso wazi, chupa ya mafuta ya vitumbua kwapani, akakatiza katikati ya wazee wa upande wa mwanamume siku ambayo hatakiwi hata kukohoa wakasikia.

"Salma, rudi ndani," nikamwambia. "Wataghairi."

"Waghairi," akasema, akapiga magoti. "Shika kichwa."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mpaka dakika ile nilikuwa napigania kondoo. Sasa nikaona kisado changu kimefika mpaka kwenye ndoa ya mtu.

Tukamwinua, miguu ya mbele tukaiweka kwenye msingi wa baraza. Nikamtia kijiti, nikamnywesha mafuta, nusu yakanimwagikia. Salma akasugua kwa ngumi, kwa viganja, hina ikapaka ubavu wote wa Tabasamu maua mekundu, povu likalilowesha gauni. Tulisugua mpaka mabega yakakataa, tukabadilishana, tukasugua. Baba Mkubwa kasimama na kisu chake anatazama macho ya kondoo.  Mzee Nassor akaona aibu kwa niaba yetu, akataka kuturudisha kwenye shughuli kama mtu mzima anavyofanya, akasema kwa sauti ya upole:

"Basi wenzetu, tusiliache neno likaning'inia. Sie tunauliza tena. Mmetukubali, au hamjatukubali?"

Na Tabasamu akajibu.

Mbweu huo nimeshawaelezea. Sikuwaambia harufu. Ilikuwa ya pombe ya mahindi iliyolala ndani ya samaki, ikapita turubai lote, mzee wa mwishoni akajifunika kilemba puani. Na lile tumbo, chini ya mikono yetu, likashuka, tunaliona kwa macho, kama mpira unaotolewa pini. Ukafuata mwingine mfupi. Halafu Tabasamu akatafuna kijiti chake, akanitazama na lile tabasamu.

Mzee Nassor akangoja mpaka amemaliza. "Huyu amekubali," akasema. "Sasa tunawasikiliza wenye nyumba."

Turubai zima likapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka kina mama wa nyuma ya pazia wakasahau vigelegele wakaanza kukohoa. Baba Mkubwa alijizuia, akajizuia, halafu akageuka akawa anatazama mfenesi huku mabega yanamtikisika. Akaweka kisu juu ya machungwa.

"Kama yeye amekubali," akasema, "mie ni nani nikatae."

Na Mzee Nassor akamtazama Salma, ambaye alikuwa bado chini, amelowa, akakumbuka kujifunika wakati hakuna tena cha kufunika. "Nitawaambia nyumbani kwamba binti nimemwona," akasema. "Na kwamba mikono yake inafanya kazi."

Lakini msidhani yaliishia kwenye kicheko. Jioni Baba Mkubwa aliniita barazani. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Akasema kitambaa hakitoki. Neno la pilau ameshalitoa mbele ya watu, harusi ni baada ya Ramadhani, na mnyama asiyezaa ni mnyama wa sufuria.

"Na akizaa?"

"Zuhura."

"Nauliza tu, Baba Mkubwa. Akishika mimba ya kweli, yenye dume."

Akavuta tasbihi punje kadhaa. "Mwenye mimba simchinji. Ila sitaki unitangazie tena. Wala mie, wala wageni, wala redio. Siku ukiwa na hakika, hakika ya mtu mzima, kifungue kitambaa mwenyewe. Nikiona shingo tupu nitajua. Na ukikifungua kwa ndoto zako, namchinja hata kama ni usiku wa Lailatul Kadri."

Nikasema nimekubali.

Dada Neema alikuja kesho yake. Akanifundisha upya, na safari hii sikwenda Madale. Chakula cha kuku hakina homoni, akasema, yule kuku anakua vile kwa mbegu yake na kwa kula usiku na mchana. Na hata kingekuwa nayo, homoni ya ukuaji ukiila kwa mdomo tumbo linaisaga kama linavyosaga nyama, haifiki kokote. Anayeitengeneza ni kondoo mwenyewe. Kazi yangu ni ini tu, lishibe taratibu mpaka liamini kwamba njaa imekwisha. Wanga mwingi kwa ghafla unachachuka tumboni, na ndio ule mbweu. Nilimwambia sikusikia siku ile kwa sababu nilikuwa naota. Akasema ota, lakini pima kwa mkono.

Basi nikapima kwa mkono. Alfajiri nakwenda kukata majani kule mabondeni kabla jua halijakausha umande, nawakuta watu wa bustani za mchicha wananiuliza homoni hajambo, nawajibu hajambo anawasalimu. Watoto walinipigia mbweu njiani wiki nzima. Muuza maandazi alinipa jina nisilotaka kuliandika. Sikuacha. Majani, maji safi, chumvi ya kulamba, pumba konzi moja, baadaye mbili, basi. Mbavu za Tabasamu zikaanza kujificha moja moja. Kidoti naye akala, mshamba wangu mwenye akili. Salma alikuwa anakuja jioni ananishikia beseni, tunazungumza habari za mapazia yake.

Mguu wa dume ulipopona, Mzee Nassor alimleta mwenyewe, amemfunga kamba mpya. "Nimekuletea bwana harusi," akasema. "Safari hii usimsahau."

Dume hakuenda kula majani.

Neema akaniambia nipunguze pumba, nisimjaze tena, kwani chakula kikizidi sana siku zile za mwanzo mimba changa inaweza kuharibika. Akaniambia nihesabu mzunguko wake, nione kama atamtaka dume tena. Haukurudi. Wa pili nao haukurudi. Mdomo uliniwasha, nyie, ulimi ulikuwa kama una pilipili, mara kadhaa nilifungua kinywa mezani nikaishia kuomba maji. Miezi ikapita, Ramadhani ikaingia na Tabasamu bado ana kitambaa chake cha kijani, kimeshachakaa, na Mama Mkubwa ameshaanza kutafuta viungo vya pilau. Kila Baba Mkubwa akirudi tarawehe anapita zizini, anamulika shingo, anaendelea na safari.

Siri za tumbo nimeziapia. Tumbo la kitu chochote chenye uhai, awe kondoo, awe shoga yangu, awe mie mwenyewe nikijaliwa, sitalisemea tena kwa kulitazama kwa nje.

Jana alasiri nyumba ilikuwa imelala, wote wamechoka na funga. Nikaingia zizini peke yangu. Kiwele cha Tabasamu kilikuwa kimeanza kujaa, laini, kina joto. Nikapiga magoti upande wa kulia, sio wa kushoto, nikaweka kiganja chini ya tumbo kama Neema alivyonionesha, nikangoja. Alicheua, akatafuna, akanipumulia sikioni. Nikaendelea kungoja mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu kitu kidogo, kigumu, kama kwato ya kuchezea, kikanigonga katikati ya kiganja. Kikatulia. Kikanigonga tena.

Sikumwita mtu. Fundo la kitambaa lilikuwa limekaza kwa jasho na mvua, vidole havikuliweza, nikalifungua kwa meno. Nikakikunja mara nne, nikakiweka kwenye mfuko wa gauni, nikaenda kuchota maji.